Kwa nini vikundi vya mabinti vya utetezi huishia kuwa vikoba?

#1 Binti Ukwaju
Salaam wakuu, naenda moja kwa moja.

Nipo kwenye kikundi cha mabinti hapa Temeke, jina nalihifadhi. Tulipoanza nia ilikuwa kujuana (nani anasomea nini, nani ana kibarua wapi, nani anahitaji wa kumshika mkono) na kupaza sauti pamoja kwenye mambo ya mtaa. Tulipeleka kwenye mkutano wa mtaa hoja ya taa za njia ya kutoka kituo cha daladala. Tulienda polisi kuuliza dawati la jinsia lina mtu saa za usiku au ni meza tu. Serikali ilipotoa ule waraka wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, tukawasindikiza wenzetu hadi kwa mwalimu mkuu.

Sasa hivi tumekuwa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana: kikao kinaanza na hisa, kinaendelea na marejesho, kinamalizia na faini za waliochelewa. "Mengineyo" yanasomwa watu wameshaanza kukunja mkeka. Juzi binti mmoja alikuja na kesi ya bosi anayemshikashika kazini. Mweka hazina akamwambia asubiri tumalize mahesabu. Mahesabu yakafika magharibi, mtoto wa watu akaaga.

Nina wenzangu Mbagala na Morogoro, wananieleza hivyohivyo. Hoja yangu: kikundi cha utetezi kikishaweka sanduku la pesa katikati ya mkeka, utetezi umekwisha. Kwa nini? Na kuna waliozuia?

#2 Tikitimaji
Naweka kiti hapa.

#3 Mchokozi wa Tabata
Njaa. Uzi ufungwe.

Mtu hana nauli ya kufika kikaoni wewe unamletea habari za sera. Akipata mkopo wa kununua mtaji wa vitenge amepata kitu anachokishika. Hoja yenu ya taa iliishia wapi? Zimewaka?

#4 Binti Ukwaju
@Mchokozi mbili zimewaka, moja ikaungua na haijarudishwa. Lakini bila sisi hata hizo mbili zisingekuwepo.

#5 Mtendaji Mstaafu
Nimekaa ofisi za kata miaka mingi, nimepokea vikundi hivi vikiwa vichanga. Mchokozi ana sehemu ya ukweli ila njaa haielezi kila kitu, maana hata vikundi vya mabinti wenye ajira vinakwenda njia hiyohiyo.

Angalieni vinavyozaliwa. Mabinti kumi na kitu wanakuja, wanataka kutambuliwa. Kusajili asasi chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 kunawezekana hata kwa ngazi ya wilaya, lakini kuna ada, kuna taarifa za kazi, kuna taarifa za fedha. Wakisikia hayo wanarudi nyuma. Kilicho karibu ni kutambuliwa na halmashauri kama kikundi cha kijamii. Unaleta katiba, muhtasari, orodha ya wanachama na barua ya serikali ya mtaa, Afisa Maendeleo ya Jamii anapitia.

Katiba hiyo wanaitoa wapi? Steshenari. Kijana wa steshenari ana faili moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina la kikundi na la mtaa, anachapa. Faili lenyewe liliandikwa kwa ajili ya wajasiriamali. Nimewahi kusoma katiba ya wasichana waliosema wanapinga ukatili, na ndani kuna ibara nzima ya mgawanyo wa vifaranga.

Halafu ikaja asilimia kumi. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa iliongezewa kifungu cha 37A: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kinatakiwa kiwe na shughuli ya uzalishaji. Hakuna afisa atakayekuandikia mkopo wa kutetea. Kwa hiyo afisa mwenye huruma anawaambia, "Ongezeni ushonaji hapo." Wanaongeza. Ukishaongeza ushonaji unatafuta cherehani, ukipata cherehani unatafuta marejesho, na marejesho ndiyo yanayopanga ajenda.

#6 Binti Ukwaju
Mzee wangu shikamoo. Nimekwenda kufungua katiba yetu sasa hivi. Ibara ya 12: "Kuku wa kikundi watatunzwa kwa zamu." Hatujawahi kuwa na kuku!

#7 Tikitimaji
Hahahaha nimemwaga chai. Zamu yako ni lini dada?

#8 Mchokozi wa Tabata
Kumbe ndiyo maana utetezi umekufa, watetezi wako zamu ya banda.

#9 Kaka Mpole
Naona mnazunguka. Sababu ni woga. Mkitetea kweli mnafutwa. Wadogo hamkumbuki BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania. Lilianza kuwaelimisha wanawake haki zao na namna ya kupiga kura, likafutwa kwa hiyohiyo sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali anayoisema Mtendaji. Wakina mama wakaona, wakajifunza: kaa na vikoba vyako, hakuna atakayekugusa.

#10 Shangazi wa Kata
@Kaka Mpole hoja yako ina uzito ila tarehe zinakukataa. BAWATA ilisimamishwa 1996 na kufutwa 1997. Sheria unayoitaja ni ya 2002. Waliifuta kwa Sheria ya Jumuiya, ile ya Msajili wa Jumuiya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Anna Tibaijuka, wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikaja kutoa hukumu upande wao 2009. Hesabu mwenyewe miaka. Waliokuwa mabinti wakati inafutwa walikuwa wanasomesha watoto sekondari hukumu inatoka.

#11 Kaka Mpole
Sheria hii au ile, aliyefutwa amefutwa. Na hiyo miaka uliyonipa inazidi kunijengea hoja, asante.

#12 Nungwi Kaskazini
Asalaam aleikum. Nyongeza ndogo, mjue hiyo Na. 24 ya 2002 ni ya Bara. Huku Unguja na Pemba tumekwenda miaka mingi na Sheria ya Jumuiya Na. 6 ya 1995. Kwa hiyo maelezo ya Mtendaji juu ya usajili hayatufai sisi, na bado vikundi vyetu vinageuka hivyohivyo. Basi sheria si chanzo, jamani.

#13 Fundi Kofia
Mimi ni mwanaume, samahani kwa kuingilia, ila dada yangu alikuwa katibu wa kikundi cha namna hii Mwanza na nilikuwa namsaidia kuandika barua.

Kwao tatizo lilikuwa mradi. Walikuwa wanakutana chini ya mti bila senti na kikao kinajaa. Likaja shirika, sitalitaja, likasema linawajengea uwezo. Wakapewa fulana, bango, na karatasi ya mahudhurio yenye safu ya jina, umri, simu, sahihi, kiasi. Ile safu ya mwisho ndiyo iliyoua. Kila aliyekuja alisaini akapewa nauli. Mradi ukaisha baada ya mwaka wa fedha, karatasi ikaja bila safu ya kiasi, ukumbi ukawa mweupe. Waliobaki saba wakasema angalau tuchangiane wenyewe, ndipo sanduku likazaliwa.

Kwa hiyo mimi naona sanduku lilikuja baadaye, utetezi ulishakufa. @Binti Ukwaju unalaumu kaburi badala ya ugonjwa.

#14 Binti Ukwaju
@Fundi Kofia sisi hatujawahi kupata mfadhili hata wa soda, na tumeishia hukohuko. Unaelezaje?

#15 Fundi Kofia
Labda mlikuwa mnamsubiri. Kusubiri nako ni mradi.

#16 Mchokozi wa Tabata
Hapo fundi kapiga nyundo.

#17 Shangazi wa Kata
Ngoja niwapinge wote mnaodhani utetezi na kuweka akiba ni paka na panya.

Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam TANU mwaka 1955 hakwenda na semina. Mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Wanawake wa mji walishajipanga kwenye vikundi vya ngoma: wanachangiana, wanavaa sare, wanazikana, wanaozeshana, wanashindana. Akawafuata humohumo, kiongozi wa ngoma kwa kiongozi wa ngoma, na kadi za TANU zikanunuliwa. Wanaume wenye elimu na kazi za serikali walikuwa wanaogopa kuonekana na kadi. Wauza maandazi na wapika pombe hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza.

Kama mngekuwepo mngesema hao wameacha utetezi wanacheza ngoma. Kundi linaloshikana kwa jambo la kila wiki ndilo linalopatikana siku ya kuhitaji watu mia mbili. Sanduku lenu ndiyo ngoma ya leo. Shida yenu hamna wa kulipiga kwa mdundo mwingine.

#18 Mtendaji Mstaafu
Shangazi hapo umenena.

#19 Binti Ukwaju
@Shangazi nimekuelewa na imenigusa, ila kuna kitu unakiruka. Wale walikuwa na chama nyuma yao, kina viongozi, kina lengo moja ambalo kila mtu analijua: uhuru. Sisi nani yupo nyuma? Tukitoka na hoja ya bosi anayewashika wasichana, tunaipeleka wapi? Ngoma haikuwa na marejesho. Mtu hakuwa anakosa usingizi kwa sababu mwenzake hajacheza.

#20 Kaka Mpole
Na baada ya uhuru vikundi hivyo vilikwenda wapi? Umoja wa Wanawake, UWT, ukaanzishwa 1962, ikawa ndiyo mwavuli, na ukitaka kitu cha wanawake unapitia hapo. Mpaka miaka ya themanini mwishoni ndipo wakaanza kuchomoza wengine, TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, 1987, na TGNP, mtandao wa jinsia, 1993. Jifunzeni na mwisho wa hadithi siyo mwanzo tu.

#21 Jua Kali Eldoret
Habari zenu ndugu wa kusini. Nimesoma nikacheka, ni kama mnasimulia kwetu. Kikoba sisi tunakiita chama.

Huku Kenya kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi cha kawaida kinahitaji wanachama kumi kwenda juu. Lakini kinachovuta mabinti siyo sanduku tu, ni zabuni. Serikali ilitenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kundi letu lilianza kwa kudai bweni salama kwa wasichana wa chuo. Sasa hivi tunauza karatasi na wino kwa ofisi za kaunti, yaani tunamuuzia bidhaa yule tuliyepaswa kumkaripia. Malipo yakichelewa miezi, nani atafungua mdomo?

#22 Mchokozi wa Tabata
@Jua Kali hiyo ya mwisho iandike ukutani. Mdai hapigi kelele nyumba ya mdaiwa akiwa bado anataka kuuza tena.

#23 mwalimu_wa_zamu
Mnasahau kitu kimoja cha wazi: hawa ni mabinti. Ubinti una mwisho.

Nimelea kikundi cha namna hii shuleni na baada ya shule. Katibu mzuri akaolewa Singida. Mwenyekiti akapata kazi, tena aliipata kwa sababu ya kile kikundi: alionekana akizungumza kwenye warsha, akachukuliwa. Sasa nyinyi mlisema kikundi ni cha kuunganishana. Kikimuunganisha mtu na kazi kimefanikiwa, na hapohapo kimempoteza. Aliyebaki ni yule asiyehama na asiyepata kazi, ana mtoto mgongoni, ana genge. Huyo anataka sanduku, na ana haki.

Utetezi unataka mtu anayekumbuka tulimwambia nini diwani mwaka juzi. Mtu huyo hapatikani kwa urahisi kwenye kundi ambalo kila baada ya miaka mitatu ni watu wapya. Mahesabu ya hisa yana daftari. Ahadi za diwani nani ameziandika?

#24 Binti Ukwaju
@mwalimu hapo pa daftari umenichoma. Daftari la hisa tunalo, limefunikwa na karatasi ya kaki, kila mstari una sahihi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mmoja asipokuja halifunguki. Barua yetu ya taa tuliyogongewa muhuri sijui iko kwa nani.

#25 Tikitimaji
Iko bandani.

#26 Kaka Mpole
Tikitimaji tangu uje hujachangia hoja hata moja.

#27 Tikitimaji
Haya nachangia. Mimi ni mwanachama wa kikundi kama hicho Mbeya na niliingia kwa ajili ya sanduku, sikuwa na habari na utetezi. Nilipopigwa na mwanaume niliyekuwa naishi naye, watu wa kwanza kuja walikuwa watu wa sanduku, kwa sababu sikuleta hisa Jumamosi na simu yangu ilikuwa imezimwa. Walikuja kudai, wakanikuta na jicho limevimba. Mweka hazina ndiye aliyenipeleka kupata fomu ya polisi ya PF3 kisha hospitali. Kama kingekuwa kikundi cha kupaza sauti tu, nisingeonekana kikaoni wangesema "ametingwa".

Ndiyo maana nacheka tu mkisema sanduku linaua.

#28 Shangazi wa Kata
Pole sana mwanangu. Na asante kwa kusema.

#29 Binti Ukwaju
Pole dada. Sina neno la kuongeza hapo.

#30 Mchokozi wa Tabata
Pole Tikitimaji. Leo sikuchokozi.

#31 Wakili wa Mtaani
Nimechelewa. Naona kila mtu anadhani utetezi lazima uwe kikundi cha mtaa. Mabadiliko makubwa yaliletwa na watu wachache wenye wakili. Rebeca Gyumi alifungua kesi kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa chini ya miaka 18. Mahakama Kuu ikamkubalia 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019. Hapo palihitajika mkeka wa nani? Vikundi vibaki na hisa, kesi tuachieni sisi.

#32 mwalimu_wa_zamu
@Wakili mahakama iliipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Baada ya rufaa kutupwa miaka ikaendelea kupita vifungu viko palepale. Hukumu ilikuwa ya wakili, kusukuma bunge ni kazi ya nani? Ni ya hao wa mkeka ambao umewaambia wabaki na hisa.

Na hata sheria ikibadilika inarudi ikikosa walinzi. VAT ya taulo za kike iliondolewa bajeti ya 2018/19, ikarudishwa 2019/20 kwa hoja kuwa bei madukani haikushuka. Tungekuwa na mabinti kila kata wanaoandika bei ya duka la mtaani kwao kila mwezi, tungekuwa na la kujibu.

#33 Wakili wa Mtaani
Bei ya duka siyo ushahidi mahakamani hivihivi.

#34 mwalimu_wa_zamu
Bajeti haisomwi mahakamani.

#35 Nungwi Kaskazini
Nauliza kwa nia njema, hivi hakuna anayesema habari ya grupu la WhatsApp? Kwetu kikundi hakikugeuka kikoba, kiligeuka grupu. Asubuhi njema, dua, picha ya keki, "hongera bibi harusi". Mtu akileta jambo zito, admini anasema tusichafue grupu. Hilo halina hata sanduku la kumfuata mtu nyumbani kama alivyosimulia Tikitimaji.

#36 Mchokozi wa Tabata
Na matangazo ya dawa za kupunguza tumbo.

#37 Fundi Kofia
Narudi kwa @Mtendaji. Hiyo mikopo ya asilimia kumi si ilisimamishwa? Dada alifuatilia akaambiwa arudi.

#38 Mtendaji Mstaafu
Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha zilikwenda kwa vikundi hewa na marejesho hayarudi. Ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Na hapo muone ajabu: vikundi halisi vilivyojigeuza vya ushonaji ili vipate mkopo vilikaa kipindi chote hicho bila mkopo na bila utetezi.

Halafu msichanganye. Kikundi kinachokusanya hisa na kukopeshana kinaingia pia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, vikundi vya kijamii, na usajili wake ni kupitia halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Cheti chenu cha kikundi cha kijamii peke yake hakitoshi kwa sanduku. Binti Ukwaju, mnacho hicho cha pili?

#39 Binti Ukwaju
@Mtendaji nitauliza kikaoni. Nahisi nitaambiwa tusubiri mengineyo.

#40 Shangazi wa Kata
Kama uko Dar nenda Mabibo kwenye semina za Jumatano za TGNP, watu wa kawaida wanakaa wanajadili bajeti na maji na ndoa za utotoni. Ukachukue wazo namna wanavyoendesha mjadala bila posho ya kukalia kiti.

#41 Fundi Kofia
Jumatano mchana, shangazi. Mwenye genge anafunga genge?

#42 Mchokozi wa Tabata
Turudi #3.

#43 Jua Kali Eldoret
Sisi tulijaribu hivi: hoja za watu zinasikilizwa kwanza, pesa mwisho, na sanduku halifunguliwi mpaka katibu asome aliyotumwa kufuatilia wiki iliyopita. Wiki za mwanzo walinuna. Baadaye walianza kuchelewa makusudi ili wakute pesa tu.

#44 Tikitimaji
Wapigeni faini ya kuchelewa hoja. Faini mnajua kutoza.

#45 Binti Ukwaju
@Tikitimaji hiyo naipeleka Jumapili. @Jua Kali, waliochelewa makusudi mliwafanyaje?

#46 Jua Kali Eldoret
Wawili walitoka wakaanzisha chama chao. Kina watu wengi kuliko chetu.

#47 Kaka Mpole
Na kinatetea nini?

#48 Jua Kali Eldoret
Mwaka jana waliandamana hadi ofisi ya chifu kwa ajili ya msichana wao mmoja. Sisi tulikuwa tunasoma kumbukumbu.